Uzi Mwekundu, Uzi Mweusi

Nyuzi hazikuwepo. Hilo ndilo msichana aliloliona kwanza asubuhi ile, ufagio ungali mkononi. Flashi mbili zilikuwa mezani, zinafanana kama mapacha, moja haina tena uzi mwekundu na nyingine haina mweusi, nyuzi alizozifunga mwenyewe ili kuzitofautisha.

"Shikamoo, baba mdogo. Nani kazitoa nyuzi?"

Fundi hakuitikia salamu. "Mimi. Hapa duka la kompyuta, si kwa mshonaji. Fagia."

Akafagia. Kompyuta kumi za zahanati zilipangwa ukutani, sita kuukuu, nne mpya. Fundi aliziwekea zote mfumo endeshi kutoka flashi moja. Mpya zikawaka. Kuukuu zikaganda, kioo cheusi tii.

"Za zamani zinataka mfumo wenye kiini cha zamani, ule moyo unaoiendesha mashine," msichana alisema polepole. "Ndiyo maana flashi ziko mbili."

"Kiini!" Fundi alipiga meza. "Darasa la tano hukumaliza, leo unanifundisha viini? Wewe ndiye uliyechezea vitu vyangu. Muuguzi anazifuata saa sita. Zisipowaka, funga virago urudi kwa mama yako!"

Aliyemtoa msichana darasani nani, kama si yeye? "Nisaidie mwezi mmoja tu," alimwambia. Mwezi ule sasa ulikuwa na miaka saba.

Saa tano ikapita. Fundi alijaribu tena, akatukana, akafuta jasho, kisha akachukua simu. Duniani alimheshimu mtu mmoja: Mzee Kimya, aliyeweka mtandaoni mfumo ule kwa mafungu mawili, moja la kiini cha zamani na moja la kipya, kila mtu achukue linaloifaa mashine yake. Hakuna aliyewahi kumwona. Kila mara fundi alipokwama, Mzee Kimya alimjibu, ingawa kwa kawaida majibu yalikuja fundi akiwa ametoka kwenda kula.

Fundi aliandika huku akisoma kwa sauti, sauti laini ambayo msichana hakuwahi kuisikia humo dukani. "Shikamoo, mwalimu wangu. Nimechanganya mafungu yako mawili. Nisaidie, mkubwa wangu, nitaaibika."

Akabonyeza kutuma.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni ya msichana. Aliuegemeza ufagio ukutani, akamtazama baba yake mdogo usoni.

"Marahaba," alisema.