Kinu Kilichojaa Mpaka Shingoni

Kinu kilikuwa kinazunguka, lakini kimenyamaza. Hapo ndipo Perez alipojua, kwa mara nyingine, kwamba anafanya kazi kwa mjinga.

Pipa la chuma la kusagia mawe ya dhahabu likijazwa sawasawa hunguruma. Gololi za chuma hupanda na pipa, zikifika juu huanguka na kuyaponda mawe. Hili la Getruda lilishindiliwa mpaka shingoni. Gololi hazikuwa na pa kuangukia. Zilijigaragaza tu humo ndani, dizeli ikiteketea, na mchanga ukatoka chengachenga kama chakula cha vifaranga.

Lakini utamwambia nini mtu aliyeuza dagaa Nansio miaka kumi, soko huria likaja, naye akanunua kinu na kukisimika Kamanga kando ya ziwa? Perez alikuwa ametumikia mitambo ya mgodi wa serikali miaka kumi na minne, mpaka mgodi ulipofungwa akapewa barua. Siku ya kwanza tu alimweleza Getruda polepole, kama anavyoelezwa mtoto: mawe na gololi pamoja visizidi nusu ya pipa. Getruda aliitikia kwa kichwa, kwa heshima zote, akasema watu kama yeye hawakusoma. Kisha akaamuru yaongezwe madebe mawili. Madebe mawili! Perez alitema mate pembeni.

Na si hilo tu. Kwa desturi ya pale, mteja akishaosha mchanga wake na kuokota dhahabu, mchanga unaobaki, ndiyo marudio, ni wa mwenye kinu. Getruda aliurundika uchafu huo nyuma ya banda, akauzungushia miiba, na kila mwezi lori lilikuja kuubeba. Perez alidhani anawauzia wafyatua matofali. Loh, mtu akishazoea kuokoteza dagaa waliomwagika, haachi.

Angeacha kazi, lakini aende wapi? Tangu watolewe kwenye nyumba ya mgodi, mkewe Rozina na watoto watatu walikuwa wamebanana sebuleni kwa dada yake huko Kiseke, na dada ameshaanza kufungia sukari kabatini. Kazi hii ilikuwa na vyumba viwili vya kuishi kwa fundi atakayethibitishwa. Miezi mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha Jumamosi, na Getruda ndiye angesema abaki au aondoke.

Alhamisi Getruda akavuka kwenda Mwanza kutafuta mikanda ya injini. Perez akaona nafasi ndiyo hiyo. Mteja wa kwanza, Mhoja, alikuwa amekuja na viroba kumi vya mawe na uso wa mtu aliyezoea kupata kidogo. Perez akaagiza mawe yapunguzwe mpaka chini kidogo ya nusu ya pipa. Kinu kikanguruma hata watu wakatoka vibandani. Mchanga ulitoka laini kama sembe, na Mhoja alipouosha alipata karibu mara mbili ya dhahabu aliyoizoea. Wachimbaji waliokuwa wakingoja zamu wakambeba fundi juu juu, wakaapa hawatasaga kwingine maisha yao.

Getruda aliposhuka kivukoni, walimkimbilia na habari. Perez alibaki kinuni, mikono nyuma, akiisubiri kwa hamu aibu ya yule mama. Moyoni alikuwa ameshampangia Rozina pa kuweka kitanda.

Getruda alimpita. Alichota marudio ya Mhoja, akayasugua kiganjani, akayaosha upya kwenye karai na kuyaangalia kwa muda mrefu. Hayakuwa na kitu. Akamwita Perez kando, mbali na watu.

"Umesaga vizuri, fundi," alisema kwa sauti ya chini. "Kule lori linakokwenda ninacho kinu kingine, na ninasaga hivyo hivyo, nusu kasoro. Chukua begi lako, kivuko bado kinapakia. Dhahabu iliyokuwa inabaki kwenye chenga ndiyo iliyokuwa inakulipa mshahara."