Breki za Baba

Baba alileta gari kwa mara ya tatu mwezi ule, magurudumu ya mbele yakifuka moshi mwembamba wenye harufu ya kuungua. Binti yake, fundi wa breki, aliyaacha yapoe, kisha akaliinua gari kwa jeki.

Akazungusha gurudumu kwa kidole. Likazunguka jepesi, bila kukwaruza, kana kwamba limesahau kusimama. La pili hivyo hivyo. Pedi mpya alizozifunga juma lililopita zilikuwa zimekwisha, na diski zimegeuka zambarau kama anga la alfajiri, lakini hakuna breki iliyonata kwenye gurudumu.

"Ugonjwa siuoni, Baba. Hebu tuzunguke kidogo, nikae pembeni yako."

Baba akacheka. "Leo mwanafunzi anamtahini mwalimu."

Binti akafunga pedi nyingine, akalishusha gari, wakatoka taratibu. Barabara ilikuwa tupu, jua la mchana limelala juu ya kioo, gari likienda kama linaelea. Baba alipiga mluzi wimbo aliokuwa akimbembelezea binti yake utotoni. Usingizi ukaanza kumnyemelea binti, hadi harufu ile iliporudi.

Akainama kutazama. Gari lilikuwa la otomatiki, mguu wa kushoto hauna kazi. Lakini kiatu cha kushoto cha baba kilikuwa kimelalia breki, kizito.

"Baba," alisema polepole, "toa mguu wa kushoto kwenye breki."

"Mbona mguu huo uko sakafuni, mwanangu?"

Binti akanyoosha mkono, akaushika mguu ule juu ya kifundo, akaufinya kwa nguvu zake zote.

Baba aliendelea kupiga mluzi.