Ua Usio na Nyayo

Mtaa wetu mzima sasa unafagiwa na vile vidude vinavyotambaa vyenyewe. Ukikanyaga tu, kimoja kinakuja nyuma yako kinafuta nyayo, mchanga unabaki laini kama unga. Mimi nilibaki na fagio langu la chelewa, mpaka jirani yangu Bi Riziki akanitania, "Mzee Makame, huo ua au zizi?" Nikaona haya, nikanunua kidude changu.

Ua umependeza, sikatai. Lakini masikio yangu haya, wajukuu zangu, hayasikii hodi wala simu. Zamani nikiamka usingizi wa mchana naona mchangani alama za kandambili za mwanangu Mwanakombo. Najua alikuja, basi namfuata kwake tunacheka.

Juzi nikamuuliza Bi Riziki, "Wewe wageni wako unawajuaje?"

Akautazama ule ua wake msafi. "Mimi nilishaacha kungoja, Makame."

Sasa nikiamka sijui kama Mwanakombo alikuja akaondoka, au hajaja tangu mfungo. Kukizima hiki kidude ni kubonyeza tu. Lakini jana wapita njia walisimama kuusifu ua wangu, na hao ndio watu pekee niliozungumza nao.