Mistari Saba ya Herufi

Mgeni aliingia akipitisha kiganja ukutani, polepole, kama mtu anayetafuta nyufa. Akalifikia benchi, akakaa. Miwani yake ilikuwa nyeusi tii. Shida yake hakusema.

Damiani, fundi miwani, alimtupia jicho la wasiwasi. Asubuhi ile Klementi, fundi mwenzake, alimpigia simu kutoka Lindi: "Kaka, wakaguzi wa baraza la wataalamu wa macho wapo barabarani. Siku hizi hawaji na gari la serikali, wanakaa foleni kama wagonjwa. Ukikutwa unapima macho bila leseni, ni pingu."

Na leseni Damiani hakuwa nayo. Cheti kilichoning'inia ukutani kilikuwa cha marehemu Ignatius, aliyemfundisha kusaga vioo, akafa, akamwachia duka pale Somanga pamoja na mhuri.

"Rudia, Zakia," alimwambia binti wa shule aliyekuwa kwenye kiti.

Chumba chenyewe kimoja tu. Anayesubiri alisikia kila alichosema anayepimwa. Zakia, miwani mipya usoni, akazisoma herufi zote za kwenye kibao, mistari saba, kwa sauti ya darasani.

Kule kwenye benchi midomo ya mgeni ilikuwa inacheza. Anakusanya ushahidi huyu, Damiani aliwaza.

Akaenda nyuma ya pazia kwa mkewe, akanong'ona. "Justa, fungasha. Chochote cha kutufunga kisikutwe humu. Lile basi la Lindi linabadilishiwa tairi pale ng'ambo, panda, nenda kwa dada."

"Na wewe?"

"Nikikimbia si ndiyo nimekiri?"

Mhuri akauficha kwenye soksi. Kisha akamtoa Zakia nje, akamnyooshea miguu ya miwani juani, akachelewa makusudi. Aliporudi, Justa alishatokea mlango wa uani, boksi kichwani, mtoto wao Marietha mgongoni.

"Zamu yangu, fundi?" Sauti ya mgeni ilikwaruza kama kufuli lenye kutu.

"Karibu, mkubwa." Damiani alisimama, mgongo kwa ukuta, macho yote kwenye mikono ya yule mtu. Kitambulisho kitatokea mfuko gani?

"Nianze?"

"Anza, mkubwa wangu."

Mgeni akavua miwani nyeusi, akakaza uso mbele, akatiririka. Mstari wa kwanza hadi wa saba, hakukwama popote. Damiani alishazikariri zamani herufi zile. Hakuwa na haja ya kugeuka.

"Una macho ya mwewe," alisema, jasho likimchuruzika.

"Basi nigongee." Mgeni akatoa karatasi mfukoni, akaiweka mezani kichwa chini.

Damiani akaigeuza. Ilikuwa fomu ya kupimwa macho, ya kuhuisha leseni ya udereva.

Udereva! Nusura amkumbatie. Akainama, akautoa mhuri wa marehemu kwenye soksi, akaugonga mpaka meza ikalia.

"Ungesema mapema, bwana! Umenitoa roho."

"Nilikuwa nasikiliza kwanza," mgeni alisema, akaikunja fomu, akatoka.

Damiani akapiga simu huku anacheka peke yake. "Mke wangu, rudi! Siyo mkaguzi yule, ni dereva tu."

"Wee! Na siti ya mbele nimeipata kwa mbinde. Haya, ngoja nishushe boksi. Zito hilo, nimetia vyote: vioo, cheti, kibao cha herufi..."

"Kibao?"

"Si ulisema chochote? Nilikitoa pale ulipokuwa nje na Zakia."

Damiani akageuka. Ukutani palikuwa na misumari miwili mitupu.

"Justa, shuka. Acha boksi, shuka!"

Lakini kwenye simu injini ilishanguruma, Marietha akaangua kicheko, na sauti ya kukwaruza ikauliza, karibu kabisa na mkewe:

"Konda, hebu niambie, mbele kweupe?"