Mbu wa Chumba cha Nyuma

"Ng'ombe tena!" Mkuu wa maabara aliisukuma karatasi ya majibu mpaka ikaanguka sakafuni. "Chumbani kwa mtu, katikati ya mji, mbu wote wamejaa damu ya ng'ombe? Umechanganya sampuli za shambani na za mjini. Kubali yaishe!"

Fundi wa maabara alikuwa amerudia kipimo mpaka macho yakamuuma. Kwa sura, mbu wale ni walewale: mabawa yaleyale, madoa yaleyale, hata darubini haiwatenganishi. Jeni ndizo zinazosema huyu ni wa aina inayofuata watu vitandani, na yule ni wa aina inayopenda ng'ombe. Sasa mbu wa nyumba ya Mstaafu, mzee mmoja wa mjini aliyewekewa mtego, walikuwa wamebadilika ghafla ndani ya wiki moja, utadhani wamepeana zamu.

"Sijachanganya, mkuu."

"Ijumaa nisipopata majibu yanayoeleweka, meza hiyo anakaa mtu mwingine."

Tangu wezi wapite kwake wiki iliyopita, mkuu alikuwa mbogo. Ukimsalimia tu umemkosea. Fundi akachukua begi, akatoka kwenda kwa Mstaafu. Miaka yote hii ya kuinamia meza ya maabara, leo aambiwe hajui kutenganisha sampuli! Unga umwagike kwa sababu ya chumba kimoja? Thubutu!

Mstaafu alimpokea getini, kama kawaida yake. Katika watu wote waliokubali kuwekewa mitego ya taa vyumbani, hakukuwa na mwaminifu kama yeye. Kila asubuhi alikuwa akiuleta mfuko wa mbu mwenyewe mpaka getini, umefungwa vizuri, ili mtu asisumbuke kuingia.

"Leo naomba niuone mtego wenyewe, baba."

"Aa, binti yangu, chumba kile kina mgonjwa. Shemeji yangu. Hapendi kelele."

"Mnafuga chochote humu ndani?"

"Sisi? Hata paka hatuna!"

Mkewe akapita nyuma yake na ndoo ya maji iliyojaa pomoni. "Ya mgonjwa," alisema bila kuulizwa. "Homa inamkausha. Anakunywa huyo!"

Kikohozi kizito kikasikika kutoka ndani. Fundi akashtuka. Mgonjwa wa homa, tena kwenye chumba kilekile cha mtego, na watu wamenyamaza tu?

"Baba, huyo apimwe malaria sasa hivi."

"Ameshapimwa."

"Na nani?"

Mstaafu akababaika, akasimama kuziba geti. Lakini fundi alikuwa amechoka. Amechoka kuambiwa rudia, amechoka kuambiwa ngoja, amechoka kufanywa mjinga. Akampita ubavuni, akaenda moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma, akavuta pazia.

Hasira zote zikamwisha. Kisha akatoa simu.

"Mkuu, majibu yangu ni sahihi," alisema. "Njoo na kamba. Yule ng'ombe wako aliyeibwa, mwenye alama yako sikioni, yuko hapa, anatafuna godoro."