Kimondo Amerudi Nyumbani

Alikuwa akipiga pasi sare za wanawe, kama kila Jumapili jioni, baba yake alipoifokea televisheni ghafla.

"Mtoto gani huyu, hana hata haya!"

Ilikuwa tamthilia mpya inayoendeleza katuni za shujaa Kimondo, zile ambazo baba, askari wa zimamoto mstaafu, alizisoma tangu ujana wake mpaka zikachanika. Kimondo, sasa mzee, alikuwa amerudi nyumbani baada ya kuuokoa mji miaka nenda miaka rudi, na binti yake alikataa kumfungulia mlango.

"Na tumbo lile lilivyomtangulia," shangazi, aliyeketi kando ya baba, alicheka, "labda hajamtambua."

"Wameiharibu kabisa," baba alisema. "Kwenye vitabu alipokelewa kwa vigelegele. Watu wote aliowaokoa, halafu mtoto wake mwenyewe anamnunia! Wewe ungenifanyia hivyo, mwanangu?"

Pasi ilisimama juu ya kola ya shati. Aliiona kola ikigeuka rangi ya kahawia, moshi mwembamba ukipanda kutoka ukingoni, lakini mkono ulikataa kunyanyuka.

"Mwanangu, unaunguza shati!"

"Mama alikuita, baba."

Shangazi aliipunguza sauti televisheni.

"Siku ile ulipokwenda kuzima moto kiwandani. Alikuita mpaka roho inamtoka, na mimi ndiye niliyekuwa nikimdanganya kwamba uko njiani."