Moto wa Friji

Friji ya gari letu kuukuu lenye kitanda hutumia betri njiani, umeme wa ukutani tukiupata, na gesi tukiegesha porini. Gesi ndiyo iliyotaka watu wawili: mimi nikandamize kitufe, mume wangu alale kifudifudi, huku akiguna, achungulie kitundu cha moto.

"Imeshika, bibie! Achia!"

Leo nimeegesha peke yangu, mara ya kwanza tangu tumzike. Nikakandamiza.

"Imeshika?" nikauliza. Mazoea yana tabu.

Nikaleta kioo chake cha kunyolea, nikakiegemeza mbele ya kitundu, nikakandamiza tena. Kiooni, moto wa bluu ukasimama wima.

Imeshika kitambo sasa. Kidole changu hakiachii. Kinangoja kuambiwa.